Baba anasema uwanja wake umevunjwa. Je, ni Uhuru, ni Taifa au ni kwa Mkapa?

"Shikamoo. Baba yangu alizaliwa Ilala, akahamia Muscat mwaka 1982, na mimi nimezaliwa huku. Ana miaka 74, ni Simba wa kufa. Kila tukiangalia mechi ya Dar es Salaam kwenye televisheni anakasirika: anasema ule si Uwanja wa Taifa, uwanja wake umevunjwa na Wachina wakajenga mwingine juu yake. Mimi nimesoma kwamba ule ndio Taifa, ukabadilishwa jina. Yeye anasema aliona Yanga wakifungwa sita pale, aliona Sembuli akiwaliza Simba pale pale, na kwamba akiwa mtoto alipelekwa na babu usiku wa uhuru, Mwalimu akawasha mwenge uwanjani. Binamu zangu wa Dar nao wananichanganya, mmoja anasema Lupaso, mwingine Shamba la Bibi. Desemba nataka kumpeleka kwa mara ya mwisho, akauone uwanja wake na ikiwezekana aangalie dabi ya Simba na Yanga. Ana presha na goti linamsumbua. Nimpeleke uwanja upi? Na je, dabi ni wazo zuri?"

Marahaba, ndugu yangu. Mpe baba habari njema kwanza: uwanja wake upo. Haujavunjwa, wala hakuna kilichojengwa juu yake. Uko palepale Temeke, upande wa Chang'ombe, na ule mkubwa mnaouona kwenye televisheni ni jirani yake, hatua chache tu. Ukisimama kati ya viwili hivyo unaviona vyote bila kuhangaika. Baba yako yuko sahihi kwamba ule si uwanja wake. Na wewe uko sahihi kwamba ule uliitwa Taifa. Mnabishana kwa sababu nyote wawili mnaamini "Taifa" ni jina la mahali, kumbe ni kama cheo. Cheo hicho kilivuliwa uwanja mmoja kikavishwa mwingine, na aliyehama kabla ya kikao hicho hakupewa taarifa.

Mambo yalikwenda hivi. Uwanja wa baba ndio uliokuwepo Tanganyika ilipopata uhuru, na kwa zaidi ya miaka 40 ndio uliokuwa Uwanja wa Taifa, bila mpinzani na bila haja ya kuelezwa zaidi. Ukisema "naenda Taifa," kondakta wa daladala alijua pa kukushusha. Benjamin Mkapa alipokuwa rais, kati ya 1995 na 2005, aliahidi nchi uwanja wa kisasa. Ukajengwa kwa msaada wa China, mkandarasi akiwa Beijing Construction Engineering Group, ukakamilika 2007 wakati Jakaya Kikwete ameshaingia madarakani. Unachukua watu 60,000. Wa zamani unachukua kama 23,000. Hapo cheo kikahama: mkubwa ukaitwa Uwanja wa Taifa, na mkongwe ukabaki na jina la Uwanja wa Uhuru. Kwa hiyo kati ya 2007 na 2020 mtu akikuambia "Taifa" anamaanisha mpya, ila wazee wengi, na si baba yako peke yake, waliendelea kumaanisha ule wa zamani. Magazeti yenyewe yalilazimika kuandika "Taifa mpya" na "Taifa ya zamani" ili watu waelewane.

Mwaka 2020 ndipo mambo yalipokaza zaidi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sidhani kama kuna siku nyingine iliyovibana viwanja hivi viwili pamoja kama ile. Mzee Mkapa alifariki Julai 2020. Mwili wake uliagwa Uwanja wa Uhuru, ule wa zamani, na si ule mkubwa uliojengwa kwa ahadi yake. Tarehe 28 Julai, katika shughuli ya kitaifa ya kumuaga, Rais Magufuli akatangaza kwamba Uwanja wa Taifa sasa utaitwa Benjamin Mkapa. Yaani tangazo la kumpa mpya jina lilitolewa ndani ya mkongwe. Siku iliyofuata Mkapa akazikwa kijijini kwao Lupaso, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Hapo ndipo binamu yako alipopata "Lupaso": mashabiki walichukua jina la kijiji wakalipachika uwanja. Wengi zaidi husema tu "kwa Mkapa", kama vile unakwenda nyumbani kwa mtu, na Simba wakaligeuza kuwa tambo la kutishia wageni: kwa Mkapa hatoki mtu.

Shamba la Bibi ni mwingine. Hilo ni jina la utani la Uhuru, uwanja wa baba. Mswahili akisema mahali fulani ni shamba la bibi, anamaanisha hakuna mlinzi: kila apitaye huchuma, bibi amechoka kufukuza. Kwa nini uwanja ukabandikwa jina hilo? Muulize shabiki wa Temeke atakuambia ni mapato ya mlangoni yaliyokuwa yakichumwa, mwingine atakuambia ni timu zilizokuja kujivunia pointi. Mimi naliona la mapato lina nguvu zaidi, kwa sababu msemo wenyewe tangu zamani unahusu mali isiyo na mwenyewe. Baba akisikia jina hilo asiudhike. Uwanja usiopendwa hautaniwi.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu zake, moja moja, kwa sababu mbili kati ya hizo zina mchanganyiko, na ni vizuri ujue kabla hujasimama naye getini.

Ile ya sita ni kweli tupu. Tarehe 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga moja. Mtu aliyekuwepo siku hiyo ana haki ya kuichosha familia yake kwa maisha yote. Tangu hapo dabi imetoa vipigo vikubwa: Simba waliwafunga Yanga 5 kwa 0 Mei 2012, Yanga wakalipa 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, zote mbili kwenye uwanja mpya. Lakini sita hazijarudi. Kwa hiyo kama baba anataka kusema kwamba uwanja mdogo una rekodi ambayo ule mkubwa haujaifikia, msimpinge.

Ya Sembuli hapana. Mechi anayoikumbuka ni ya tarehe 10 Agosti 1974, ambapo Gibson Sembuli wa Yanga alisawazisha dakika za mwisho na Sunday Manara akaifungia Yanga la ushindi kwenye muda wa nyongeza, 2 kwa 1. Ilichezwa Nyamagana, Mwanza. Usimwambie anadanganya, maana hadanganyi. Miaka ile mpira ulifika majumbani kwa sauti ya redio tu. Mtangazaji anakupa jina, anakupa winga ya kulia, anakupa kelele, lakini hakupi majukwaa. Majukwaa unayatoa kichwani mwako, na kijana wa Ilala anatoa ya uwanja anaoujua. Baada ya miaka 50 picha aliyojichorea na picha aliyoiona kwa macho zina rangi moja. Nimekutana na wazee wengi wa Dar es Salaam walioiona mechi ya Mwanza bila kupanda treni. Kwa shabiki wa Simba ni rahisi zaidi, kwa sababu maumivu hayakumbuki anwani.

Ya mwenge ni nusu kwa nusu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa kwenye uwanja ule, mbele ya Mwalimu Nyerere na mgeni wa Kifalme, Prince Philip. Kama babu yako alimbeba mwanawe mabegani usiku ule, baba aliona kitu ambacho wengi wetu tunakisoma tu. Lakini mwenge haukuwashwa pale. Mwenge na bendera vilipandishwa kilele cha Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda. Kilele kile kikaitwa Uhuru, na uwanja nao baadaye ukaitwa Uhuru. Majina yakifanana na usiku ukiwa mmoja, mambo mawili hushonana. Miaka yote ya shule tumefundishwa kwa pamoja, bendera na mwenge, kwa hiyo hata watu wazima wa Dar hujichanganya.

Ukitaka kanuni ya kutenganisha simulizi zake, tumia mwaka 2007. Kilichotokea Taifa kabla ya hapo, kiwe mpira au sherehe ya taifa, kilitokea kwa mkongwe. Ule mpira wa kuumiza zaidi pia: Novemba 1993 Simba ilikuwa fainali ya Kombe la CAF, imetoka suluhu 0 kwa 0 Abidjan, inahitaji ushindi nyumbani tu. Rais Mwinyi alikuwa uwanjani. Stella Abidjan wakashinda 2 kwa 0, mabao yote ya Boli Zozo. Baba alikuwa Muscat tayari, lakini nina uhakika jina hilo analijua, na usimtajie kabla ya chakula. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, wananchi walimuaga hapo hapo, katika uwanja alioupokelea uhuru.

Baada ya 2007 mpira mkubwa ukahamia kwa jirani. Brazil ilikuja Juni 2010 ikielekea Kombe la Dunia la Afrika Kusini, ikaifunga Taifa Stars 5 kwa 1. Machi 2019 Stars iliifunga Uganda 3 kwa 0 hapo ikafuzu Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 39. Mei 2023 Yanga ilicheza hapo mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, ikapoteza 2 kwa 1, ikaenda kushinda 1 kwa 0 Algiers na kulikosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Agosti 2025 michuano ya CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilifunguliwa hapo, Tanzania ikaifunga Burkina Faso 2 kwa 0. Mkongwe haukuachwa kabisa: Oktoba 2017, jirani akiwa kwenye ukarabati, dabi yenyewe ilirudi Uhuru na ikaisha 1 kwa 1. Mwonyeshe baba picha za siku hiyo, ndizo zitakazomaliza ubishi wa kuvunjwa.

Lakini muandae pia. Uhuru umekarabatiwa zaidi ya mara moja, na asitegemee kukuta jukwaa alilokaa 1977 lilivyokuwa. Mahali ni pale pale, ila nyumba imebadilishwa paa na vyumba. Mzee anayeingia akitafuta ngazi fulani na kuikosa anaweza kuumia kuliko yule aliyeambiwa uwanja umevunjwa. Mwambie mapema, mkiwa bado Muscat, kwa kikombe cha kahawa.

Kuhusu dabi. Nitakuwa mkweli, na najua si jibu ulilolitaka: kwa mtu wa miaka 74 mwenye presha na goti, dabi ya Kariakoo uwanjani isiwe mpango wenu wa kwanza. Mpira wenyewe haudhuru, ingawa presha na Simba havijawahi kuwa marafiki. Shida ni saa zinazoutangulia na nusu saa inayoufuata. Watu huanza kuingia asubuhi kwa mechi ya jioni. Desemba Dar es Salaam ni joto na unyevu, si kipupwe cha Julai. Kuna foleni ya gari, kisha foleni ya miguu, kisha ukaguzi, kisha ngazi. Goti huchoka kabla ya filimbi.

Na kuna jambo la msongamano ambalo watu hawalielewi. Wengi hudhani hatari ni kuanguka na kukanyagwa. Hatari kubwa ni kubanwa: watu wakijaa mahali pembamba, walio nyuma wanasukuma kwa sababu hawaoni kwamba mbele kumefungwa, na walio mbele kifua kinakosa nafasi ya kupanuka. Mtu anakosa hewa akiwa amesimama. Machi 2021, wananchi walipofurika Uhuru kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walifariki kwa mkanyagano, kwa idadi iliyotolewa na polisi. Halikuwa tukio la mpira, ila geti halijui watu wamekuja kwa furaha au kwa msiba. Sikutishi. Nakueleza kwa nini mtu mwenye mwendo wa taratibu lazima aingie mapema mno au asiingie, na atoke wakati wengine wameshatoka.

Ningekuwa wewe ningepanga hivi. Siku ya kwanza au ya pili, asubuhi, kabla jua halijakali, mpeleke Uhuru pasipo na mechi. Huo ndio uwanja wake, na huo ndio anaousafiria. Msitegemee tu kubisha geti: ukarabati na shughuli za serikali huufunga mara kwa mara. Mtume binamu mmoja aende mwenyewe kwenye ofisi ya usimamizi wa viwanja hivyo wiki moja kabla, akaeleze kwamba kuna mzee anatoka Oman. Kwa simu mtazungushwa. Ana kwa ana, na mzee akitajwa, Mtanzania hulegea. Hata kama hamtaruhusiwa kuingia ndani, ukitembea naye nje ataona vyote viwili kwa pamoja, na utakuwa na nafasi ya kumwonyesha kwa kidole nani ni nani.

Kisha mpira. Tafuteni mechi ya kawaida ya Simba, si dabi. Angalia ratiba ya ligi na usome uwanja, kwa sababu Simba na Yanga siku hizi hawachezi kila mechi ya nyumbani kwa Mkapa. Misimu ya karibuni zimechezwa nyingi KMC Complex, eneo la Mwenge, uwanja mdogo ambao kwa goti la baba ni afadhali. Tiketi hununuliwa kwa kadi ya N-Card, kwa hiyo binamu awe nayo mkononi kabla hamjafika. Kama mtapata mechi kwa Mkapa, lipia VIP. Si kwa ajili ya fahari: ni kwa sababu ya kivuli, kiti chenye mgongo na safari fupi kwenda msalani. Vidonge vyake vya presha viwe mfukoni mwako, visibaki hotelini, na maji msisahau.

Dabi muangalieni nyumbani Ilala, na ndugu wote, Simba na Yanga sebule moja. Kama baada ya yote haya bado anaililia ya uwanjani, uamuzi huo si wangu wala wako. Mpeleke kwa daktari wake Muscat wiki mbili au tatu kabla ya safari, apimwe presha akiwa ametulia na akiwa ametembea, na umweleze daktari wazi: saa sita za joto, ngazi, kelele, hasira. Usiseme tu "anakwenda kuangalia mpira," ataruhusu bila kufikiri. Akisema sawa, mnaingia mapema, VIP, mnabaki vitini nusu saa baada ya filimbi. Maumivu ya kifua, jasho la ghafla, kizunguzungu, kushindwa kuzungumza vizuri, upande mmoja wa mwili kulegea: yoyote kati ya hayo, msisubiri dakika ya 90. Nyanyueni mkono kwa watu wa huduma ya kwanza waliopo uwanjani.

Jambo la mwisho, kama mngependa kuona picha za zamani. Idara ya Habari, Maelezo, ndiyo yenye hazina ya picha za serikali, zikiwemo za usiku wa uhuru, na Makumbusho ya Taifa iko mtaa wa Shaaban Robert katikati ya mji, mnaweza kupita siku moja. Huko nako nendeni wenyewe.

Na suala la Sembuli mwachie mpaka mwisho wa safari. Ndege ya Mwanza kutoka Dar ni safari fupi, na Nyamagana iko katikati ya mji, hamhitaji kutembea sana. Mwambie mmekwenda kula sato.